Mwenyekiti na Mama Yake

Jumatatu, 4 Agosti
Dagaa wamekauka vizuri. Magunia yameshonwa. Mume wangu Filipo hakugusa hata moja; siku hizi ana vibarua, tena anagombea uenyekiti wa mtaa. Mama yake ndiye aliyenisaidia, akiimba nyimbo zake za kanisani kwa Kirundi. Filipo alipita akamwambia apunguze sauti, kuna wageni. Nilichukia.

Jumatano, 6 Agosti
Wageni wenyewe ni wafanyabiashara wenzake. Wanalalamika wakimbizi wanatoka kambini na kuuza sokoni kwa bei ya kutupa. Filipo anaitikia kwa kichwa. Huyu huyu aliyevuka ziwa mgongoni kwa mama yake wakikimbia vita Burundi, wakapokelewa kijijini Ilagala na watu wasiowajua. Tulipokuwa tumepanga chumba kimoja alikuwa akileta wakimbizi nyumbani, wanalala jikoni. Tangu tuezeke bati na kununua mtumbwi wa pili, kila mgeni kwake mwizi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nimemwambia. Akaniuliza kama niko tayari kurudi chumba kimoja. Siko tayari.

Jumapili, 10 Agosti
Mkutano hapa Katubuka. Filipo kashika kipaza sauti: kila aliyekuja akikimbia vita arudi kambini, hakuna cha kujuana. Watu wakashangilia. Nami nikapiga vigelegele. Mke wa mgombea afanyeje? Mama mkwe alikaa mbele na wenzake wa kwaya. Hakupiga makofi, hakununa.

Jumatatu, 11 Agosti
Kitanda cha mama mkwe kimetandikwa. Kitenge cha kanisani hakipo. Jirani alimwona akipanda lori la kambini. Amesikia amri, ametii. Karatasi za uraia Filipo anazo, yeye hakuwahi kuwa nazo. Nani angemuuliza, mama yake Filipo? Filipo anasema atarudi mwenyewe.

Jumamosi, 16 Agosti
Tumemfuata. Tumemkuta kambini anapalilia maharage ya mwenzake. Filipo akapiga magoti palepale shambani.

"Mama, sikukusema wewe."

Mama akamwinua, akamkung'uta vumbi kwenye suruali.

"Mwana wanje, mwanangu, ulisema kila aliyekimbia. Mimi nilikimbia. Nikirudi, watu watasema mwenyekiti ana neno la wengine na neno la mama yake."

Hakuwa na hasira. Afadhali angetutukana. Tukarudi bila yeye.

Jumapili, 24 Agosti
Filipo kashinda. Watu wamekula, wamepongeza, wameondoka. Jioni wamekuja mgambo kumuuliza kazi ya kuwaondoa wakimbizi ianzie wapi. Nilidhani atawaambia basi, waache. Nilimwomba Mungu aseme hivyo. Akasema waanzie sokoni. Alisema polepole, anatazama sakafu, lakini alisema.

Ninajuta vigelegele vile. Mgambo walikuwa wamechoka na jua. Nikawamiminia chai.