Vidonge vya Tryphena

Sagalla, 4 Februari 2025

Mwanangu Tryphena,

Pokea salamu zetu. Nyanya yako Penina anakusalimu, yuko sawa, ni macho tu yanamsumbua. Mdogo wako Lewis anakusalimu, anasema usisahau viatu vyake. Shangazi Teresia amepanda kutoka Voi, naye anakusalimu. Hata ng'ombe imezaa. Mimi niko, lakini wewe ndio unaninyima usingizi. Presha imeshuka? Teresia anasema siku hizi huko Nairobi unafanya yoga. Ni kitu gani hiyo? Ni dini? Mtu akijikunja hivyo si atavunjika mgongo? Na vidonge unameza? Usinifiche.

Mama yako

Nairobi, 9 Februari

Mama mpendwa,

Poleni na jua. Yoga si dini, mama, ni mazoezi. Sisi tulio wapya tunaanza polepole: unakaa kwa mkeka, unanyoosha mgongo, unavuta pumzi kwa pua, unaitoa taratibu. Hakuna kujikunja kama nyoka! Mgongo umeacha kuuma, nalala vizuri, moyo hauendi mbio. Nasikia nimepona kabisa. Na wewe jaribu, na huo mgongo wa kubeba maji. Msalimie nyanya.

Binti yako, Tryphena

Sagalla, 10 Februari

Mwanangu,

Hapa wote hawajambo, nyanya amecheka hayo mambo ya nyoka. Mimi sijacheka. Nimesoma, nikarudia, pahali pa vidonge sijaona. Umeandika umepona kabisa. Hilo neno limenitoa jasho. Baba yako alisema hivyo hivyo, akaweka vidonge juu ya kabati, akaenda shambani akiimba. Tulimrudisha kwa blanketi. Yoga endelea nayo, sikukatazi. Lakini dawa ulipewa na daktari, wacha yeye ndiye akwambie uache. Unameza ama humezi?

Mama yako

Sagalla, 16 Februari

Tryphena,

Nyanya anakuulizia, Lewis anakuulizia, hata viatu hataki tena. Meseji yangu ya tarehe kumi imebaki na alama moja tu, haijakufikia. Nikipiga, simu haipatikani. Teresia ananiambia labda imeharibika. Labda.

Leo nimetandika mkeka, nikavuta pumzi kwa pua, nikaitoa taratibu kama ulivyonifunza. Kweli mgongo umepata nafuu, mama. Moyo ndio umekataa.

Kama umechoka usiandike mengi. Andika tu "nimemeza." Jibu upesi mwanangu, nimekaa hapa kwa mkeka, simu iko mkononi.

Mama yako