Kompyuta Iliyovaa Kofia ya Baba

Mtopanga, Kisauni

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Nakushika miguu kwa mbali, nawe uniitikie hapo ulipokaa. Zuhura anayekusomea atangoja mpaka umalize. Je, macho yaonaje? Mjomba Bakari ameniambia ukungu umezidi, na kwamba siku hizi wamjua mtu kwa kikohozi chake kabla hajabisha hodi. Na goti lile la baridi? Na kisima, maji yamerudi kuwa matamu?

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mkaza mwanao Rukia hajambo, anakusalimu na kulalamika kwa pamoja. Umeme hukatika utakavyo, na mvua ya juzi imeingia dukani mpaka printa zikaogelea. Lakini leo sikuandiki kwa ajili ya mvua.

Ningepiga simu, mama, ila simu yako ina wasikilizaji wengi. Nikisema neno moja, shangazi ashalijibu kabla halijakufikia. Barua angalau huanza na kwisha bila mtu kuingia katikati. Nawe Zuhura, mdogo wangu, isome kama ilivyo. Nakujua. Penye kunisifu utaruka, na penye kuniaibisha utarudia mara mbili.

Basi mama, wakumbuka siku nilipokuomba kwa simu kofia ya marehemu baba. Nilikueleza kwamba kutakuwa na mashindano Nyali, kwenye jengo kubwa la maduka, ya watu wanaojitengenezea makasha ya kompyuta kwa mikono yao. Nikakwambia nataka kutengeneza kasha la akriliki, ile plastiki ngumu angavu kama kioo ambayo watu wa mabango huitumia, na juu yake nichore nakshi ya pambo lako. Nikamsikia shangazi nyuma yako akisema, "Kofia ya ndugu yangu aivishe redio?" Kisha ukauliza:

"Utaifumua hata uzi mmoja?"

"Hata mmoja, mama."

"Na likitoka jambo la kuchekesha watu?"

"Nitakurudishia kofia, na pambo hili sitaligusa tena."

"Basi na liende nami kaburini," ukasema. "Sitaki kulisikia linachekwa Mombasa nami ni hai."

Maneno hayo, mama, nililala nayo na kuamka nayo. Kwa sababu najua. Pambo lile ulilichora kwa kichwa chako mwenyewe ulipokuwa mchumba, hukumgawia mtu, na sasa macho hayakuruhusu kumchorea mwingine. Limebaki kwenye kofia moja tu duniani, nayo nimekabidhiwa mimi, mwanao ambaye ulimfundisha kushona miaka yote ile akaishia kushona kofia na kanzu yake pamoja.

Kazi ya kwanza ilikuwa kulitoa pambo kwenye kofia bila ya kuifumua. Kofia ni mviringo, kasha ni mraba. Nikaivisha kofia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikaizungushia karatasi nyembamba, nikapitisha penseli laini juu yake taratibu. Vitundu vikajitokeza kimoja kimoja, na ule mshono uliojikunja kama kifuu cha nazi ukajitokeza. Rukia akapita na sufuria.

"Hilo kopo nalitafuta tangu asubuhi."

"Limevaa kofia ya mkweo. Lipe heshima."

"Na maziwa yake yako wapi?"

Maziwa nilikuwa nimeyamimina kwenye kikasha cha misumari. Nikaendelea na kazi.

Akriliki niliipata kwa fundi wa mabango Changamwe, vipande vilivyobaki. Nikaisaga ukingo kwa msasa, nikachukua kekee ndogo ya umeme, inayolia kama ya daktari wa meno, nikaanza. Nakshi ya akriliki, mama, haitaki haraka. Ukikaza mkono, plastiki hupata moto ikayeyuka, na kitundu kikawa kidonda. Ukilegeza, hutelezea pembeni. Vipande vya mwanzo nilivyoharibu Rukia amevifanya ubao wa kukatia vitunguu. Lakini mkono ukazoea, na ukizoea ni raha. Kila penye nakshi akriliki hupoteza uangavu na kuwa nyeupe kama barafu, na ukiweka taa ndogo chini ya ukingo, mwanga hupanda ndani ya kipande chote bila kuonekana, ukaja kutokea penye nakshi peke yake. Nilipowasha mara ya kwanza, pambo lako lilisimama hewani katikati ya duka. Nilikaa kitako, wallahi. Hata Rukia alikuja akasimama mlangoni, asiulize habari ya kopo.

Sasa sikiliza kosa langu, maana ni kosa la mtoto wako wewe, si la mtu mwingine. Wakumbuka ulivyokuwa ukiikagua kofia iliyokwisha? Waiinua dirishani, waizungusha, na kila kitundu lazima kipitishe mwanga. Kimoja kikiziba, wasema "Hiki hakioni," na subana yako ya kidoleni inanigonga kichwani hata kama mshonaji alikuwa Zuhura. Basi mimi nilipofika kwenye vitundu nikavitoboa vyote. Mbele, juu, ubavuni, nyuma, hakuna kisichoona. Nikaliinua kasha dirishani kama wewe, nikalizungusha, nikajisifu.

Kisha nikatia mtambo ndani, nikaufungulia gemu zito, lile watakalolitumia waamuzi. Muda si muda feni zikaanza kulia kama pikipiki inayopanda kilima, kompyuta ikazimika. Nikawasha tena, ikazimika tena. Nikagusa ndani: moto wa kuivisha chapati.

Nilikaa na kasha lile siku nzima, wateja wakija nawaambia duka limefiwa. Mwisho nikawasha udi, nikausogeza karibu na vitundu nitazame moshi. Moshi ukaingia ubavuni ukatokea ubavuni papo hapo, haukufika penye moto. Feni ilikuwa ikivuta hewa kwenye tundu lililo karibu na kuirudisha kwenye tundu lililo jirani, kama watu wanaopiga soga mlangoni wasiingie ndani kusaidia kazi. Kofia yako hupumua kwa sababu ndani yake mna kichwa kimekaa kimya. Kichwa hiki kina feni. Hewa yake yataka iambiwe pa kuingilia na pa kutokea.

Mashindano yalikuwa yamekaribia, na akriliki yangu imekwisha. Nikarudi Changamwe kwa yule fundi, nikamkuta akifunga.

"Wewe mzee kila siku wataka vipande. Wajenga nyumba ya ndege?"

"Najenga kofia."

"Mwenyezi Mungu akupe shifaa," akasema, akafungua tena.

Nikachora upya kila upande. Mbele chini na utosini nikavitoboa vitundu vyote. Ubavuni, mama, nilichonga nusu tu ya unene, pambo lilelile, kitundu kwa kitundu, lakini hakuna kinachopitisha hewa. Hewa ikaingia kwenye paji la uso ikatokea utosini. Nikafungua gemu, nikaenda kuswali Alasiri, nikarudi nikakuta bado yacheza, na feni zavuma polepole kama mtu aliyeshiba.

Siku yenyewe ikafika. Ukumbi wa Nyali una baridi ya friji. Ningejua ningevaa sweta. Vijana walikuwa na makasha ya kutisha: moja lina maji ya rangi yanayozunguka kwenye mirija, jingine limefanywa kama kichwa cha joka, taa zabadilika nyekundu, kijani, zambarau mpaka macho yakaomba ruhusa. Mimi nikaweka changu, taa nyeupe peke yake. Nilikuwa mzee kuliko waamuzi wote, na kitambi changu kilifika mezani kabla yangu. Kijana mmoja aliyevaa kofia ya chepeo nyuma mbele akainama kutazama.

"Mzee, hii ni taa ya maulidi?"

"Ni kofia, mwanangu. Yangu imekaa sawa. Yako je?"

Wenzake wakamcheka, naye akacheka, akaivaa vizuri. Lakini mimi ndani nilikuwa nimekauka. Neno la kwanza nililolisikia ukumbini ni mzaha, na nikakusikia wewe: sitaki kulisikia linachekwa.

Waamuzi wakaamuru mitambo yote ifunguliwe lile gemu kwa pamoja. Ukumbi ukavuma kama uwanja wa ndege. Joka likaanza kupiga kelele, kisha likazimika, mwenyewe akalipigapiga mgongoni. Na lile la maji likaanza kudondosha. Langu likaendelea. Mwamuzi mmoja, binti mwenye miwani, akaja akaweka kiganja juu ya utosi wa kasha.

"Hewa yatokea hapa tu?"

"Hapo tu. Yaingia pajini."

"Na hili pambo umelitoa wapi? Mtandaoni?"

"Kichwani mwa marehemu babangu," nikasema.

Akanitazama kama niliyepungukiwa akili. Nikatoa kofia mfukoni, maana nilikuwa nayo imefungwa kwenye leso. Akaichukua kwa mikono miwili, mama, kama achukuaye mtoto. Akailinganisha na akriliki, kitundu kwa kitundu. Akawaita wenzake. Yule kijana wa chepeo naye akaja, akaniuliza kwa adabu, "Mzee, hivi mtu alishona hivi kwa sindano?" Nikamwambia, kwa sindano, na kwa taa ya koroboi. Akasema, "Basi sisi twacheza." Hakuna aliyecheka.

Kwenye kadi ya mashindano palikuwa na mahali pawili, fundi na mchoraji. Penye fundi niliandika jina langu. Penye mchoraji niliandika lako, Bi Mwanaesha wa Siyu. Basi mshereheshaji aliposhika kipaza sauti kumtaja wa kwanza, alisoma mstari aliouona kwanza. "Mshindi wetu, Bi Mwanaesha wa Siyu, apande jukwaani." Ukumbi wote ukageuka kumtafuta mwanamke. Nikapanda mimi, na upara wangu. Walipiga makofi na kucheka, mama, sikufichi, lakini kicheko kile kilikuwa changu peke yangu. Wewe hukuchekwa. Jina lako lilisemwa kwa kipaza sauti Nyali, na watu wakasimama.

Maisha yako yote umeshona, na kofia zikaenda vichwani mwa watu wanaosema "kofia yangu." Sasa wako watu hapa Mombasa wanaosema "pambo la Bi Mwanaesha." Kikombe nilichopewa Rukia amekitia sukari. Watu watatu au wanne wamekuja dukani wanataka kasha kama lile, nami nimewajibu kwamba pambo lina mwenyewe, ngojeni nimuulize.

Kwa hiyo nakuuliza. Lakini kwanza hukumu yako juu ya ule ubavu. Vitundu vyake havioni, nami nakiri, maana ungekuwepo ungejua kwa kidole tu. Ukisema si halali, nitatimiza ahadi yangu kama tulivyoagana, na watu wale watanunua makasha mengine. Ukisema ni halali, nitalichora pambo lako mpaka mikono hii ichoke, na kila kasha litakuwa na jina lako. Usiniambie kwa simu, shangazi atahukumu mbele yako.

Nisalimie mjomba Bakari akifika salama na mizigo yake, yeye ndiye mbebaji. Msalimu mwalimu wa chuo aliyenifundisha alifu kwa kiboko cha mwanzi. Msalimu mkunga wetu, mama wa mtaa mzima. Na shangazi yangu, dada wa marehemu, mwambie redio imeshinda. Zuhura, najua hapo umetaka kuruka. Soma tena.

Ndani ya mzigo, mama, mna kofia ya baba. Ipitishe mkono ndani na nje, hakuna uzi uliotoka. Chini yake, kwenye leso, mna kipande cha akriliki. Ndicho kile cha kwanza, cha ubavuni, kilichonikataa. Mtambo haukukitaka, lakini wewe utakitaka. Kiinue dirishani, hata kama huoni, jua litakugusa uso kupitia vitundu vyake vyote, hakuna kilichoziba. Kisha shuka na kidole mpaka ukingo wa chini. Utafika mahali pambo linakwisha na mstari unaanza. Zuhura, usimsomee. Nimeuchonga kwa herufi zile ulizojifunza chuoni ukiwa mtoto, mama, na nimeuchonga kwa kina ili usiupoteze. Nenda nao polepole, kutoka kulia. Ni jina lako.

Mwanao asiyejua kushona,
Athmani