Moto wa Koko Hedwiga

Bi Rabia mpendwa, shikamoo. Nakuandikia nikiomba unijibu kabla ya ibada ya kumkumbuka bibi yangu, maana baada ya hapo nitakuwa nimechelewa.

Mimi nauza mitumba hapa Same mjini, lakini nimelelewa kule Chome na bibi mzaa baba, Hedwiga, ambaye sote tulimwita koko, na tangu tumzike mwezi wa tatu sina raha. Wewe mwenyewe unaikumbuka ile miaka ya shida, kiberiti hakuna, mafuta ya taa hakuna, sabuni mpaka ulanguliwe, basi miaka yote hiyo moto wa koko haukuzimika, jioni anaufukia kwa majivu na asubuhi anaufukua, na majirani wanakuja na vigae vyao kuchukua makaa, hata wale waliomsengenya, naye hamnyimi mtu, ila lazima umwamkie kwanza, hata kama mmegombana, ndipo akuchagulie kaa zuri, na kila mara anakutania, "Wangu ukizimika, mtanirudishia."

Siku aliyofariki, baba mdogo Melkizedeki alimwaga ndoo nzima ya maji kwenye mafiga, akasema siku hizi viberiti vimejaa madukani na kulinda moto ni ushamba, na bibi Chiku, jirani na shoga yake koko, akapiga ukelele kama kamwagiwa yeye. Mimi nikazoa majivu, nikatia kufuli mlangoni, ufunguo nikauvaa shingoni. Tangu hapo kila nikipanda Chome nafungua jiko nakuta mafiga ya moto, majivu yamezungushiwa ule ukingo aliouweka koko kwa kiganja, na ndani yake kijinga cha mkaratusi kinafuka, wakati koko hakuchoma mkaratusi maisha yake yote, alisema unaharibu makande. Nikadhani nimerukwa na akili, nikaumwagia maji mwenyewe, na asubuhi yake moshi ukawa unatoka kwenye nyasi za paa kama kawaida.

Kilichonimaliza ni mwanangu Faraja, ndio kwanza anajifunza kusema. Mchana kweupe, nilipofungua tu mlango, alinitangulia jikoni, akasimama mbele ya kigoda kitupu cha koko, akasema, "Shikamoo." Akatulia kama anayesikiliza, akacheka, akakinga kiganja. Nilimnyakua nikakimbia bila viatu hadi barabarani, na nilipomfungua vidole, kiganja kilikuwa na majivu ya vuguvugu.

Sasa baba mdogo kausikia huo moshi, anasema mama yake alikuwa mchawi, na Jumapili ya ibada ataleta watu wa maombi wakemee pepo lake mbele ya kijiji kizima, kisha jiko libomolewe ajenge duka, na anautaka ufunguo. Nikimpa, koko atakumbukwa kwa uchawi. Nikimnyima, watasema nimeurithi. Nampenda bibi yangu, Bi Rabia, lakini namwogopa. Nifanyeje?

Elirehema, Same

*

Elirehema, marahaba. Pole sana kwa msiba. Sasa jifute machozi unisikilize, kwa sababu nina ugomvi na wewe.

Mwanamke amekulea, amewapa moto watu wa Chome katika miaka ambayo wengi walikunja mikono, halafu moshi kidogo tu unatoka jikoni kwake nawe unakimbia bila viatu! Ungetumia akili aliyokulea nayo, ungejiuliza marehemu anatafuta wapi kuni alizozikataa maisha yake yote. Nani hapo jirani ana mikaratusi? Nani alipiga ukelele maji yalipomwagwa? Mimi niliolewa Myamba, milima hiyohiyo, na majiko ya huko juu nayajua. Ukutani nyuma ya mafiga kuna tundu la kupitishia magogo marefu. Kufuli lako linalinda mlango tu. Mkono wa mwanamke unapita tunduni bila shida, na kiganja cha shoga wa miaka yote kinajua ukingo wa majivu ulivyokuwa ukiwekwa.

Koko aliomba moto wake ukizimika arudishiwe. Nadhani anarudishiwa. Moto wa bibi Chiku ulitoka kwa koko, kwa hiyo ni uleule. Nenda Jumamosi ukamwulize, na umwombe radhi kwa yale maji uliyoyamwaga wewe.

Jumapili, kabla watu wa maombi hawajafungua midomo, simama. Usihubiri. Waombe wote waliowahi kupikia moto wa Hedwiga wanyooshe mikono, na bibi Chiku aseme anachokifanya na kwa nini. Melkizedeki aiangalie hiyo mikono. Kama moto ule ni wa uchawi, basi kijiji kizima kimekula makande ya uchawi, na yeye ndiye aliyeanza kuyala. Ona kama kuna atakayethubutu kumwita mama yake mchawi baada ya hapo. Ufunguo mpe. Kuta ni za udongo, acha ajenge duka lake, auze na viberiti. Lakini asubuhi hiyo, mapema, uwe umeshaingia na kigae chako kuchukua makaa ya kwenda kuwashia jiko lako Same.

Limebaki la Faraja. Nimelisoma tena na tena, nikamsomea na mume wangu. Tundu la ukutani haliwezi kulieleza. Mtoto huyo hakuwahi kuambiwa kwamba kwa koko unaamkia kwanza ndipo unapewa, na majivu yale hakuyazoa mwenyewe, ulikuwa unamtazama. Sina maelezo na sitakudanganya kwamba ninayo.

Najua jambo moja tu, kwamba mwanao hakuogopa. Basi utakapoingia na kigae chako, mshike mkono, simameni mbele ya kigoda, mwamkie bibi yako kwa sauti. Ukishaamkia, usikimbie. Ngoja akuchagulie.