Mapaja Yaliyotulia

3 Machi

Dada mpenzi,

Shikamoo. Hujambo na shemeji? Mimi mzima kuanzia kiunoni kwenda juu, huko chini unakujua.

Nimewekewa pampu. Ni kidude cha duara, kama kopo la rangi ya viatu, kimefichwa chini ya ngozi ya tumbo. Kinadondosha dawa kwenye uti wa mgongo kupitia kamrija kembamba, na ikikaribia kwisha wanajaza kwa sindano. Dada, miguu imetulia! Ile iliyokuwa inakakamaa na kurusha mateke bila ruhusa yangu tangu nipooze, ile iliyomwangusha mwanangu Kidoti kutoka mapajani hadi sakafuni, ukaja kumchukua, leo imelala kama paka.

Basi niletee mwanangu.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, na Kidoti anakula hadi sahani inaomba msamaha.

Nimefurahi kwa hiyo pampu. Ila kovu la mtoto la kwenye paji la uso ninalipaka mafuta mimi. Leo miguu imetulia, kesho je? Kabla ya pampu uliweza kusimama ukishika meza. Siku nikikuona umesimama, nitakupa mtoto. Usinune, nampenda.

Dada yako

11 Mei

Dada,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko? Nimekawia kwa sababu nilikuwa najaribu kusimama, nikashindwa. Miguu ilikuwa kama tambara lililoloa. Nikamuuliza nesi. Akasema, "Mama, ule ugumu wa misuli ndio uliokuwa unakusimamisha. Ndio tulioutoa." Nikamng'ang'ania mpaka dawa ikapunguzwa, wanaweka kimashine juu ya tumbo, wanabonyeza, basi.

Nikasimama, dada. Nimeshika meza, nalia. Jioni nimepakata beseni la nguo, miguu ikalirusha hadi mlangoni. Nililitazama lilivyopinduka nikakiona kichwa cha Kidoti.

Kesho yake nilirudi hospitali wakaipandisha dawa. Sisimami tena. Mwanangu hahitaji mama wa kusimama, anahitaji pa kukaa. Nakuja Jumapili.

Mdogo wako

14 Mei

Usije. Ana mafua.

Dada

18 Mei

Dada,

Shikamoo, maana heshima haijaisha. Nilipotoka kwako Jumapili nilifika nyumbani salama, ingawa hukuuliza. Mtoto hana mafua.

Ulipokuwa jikoni alipanda mapajani mwangu mwenyewe, sikumwita. Akakaa. Akagonga pampu kwa kidole, akacheka. Miguu haikutikisika hata kidogo. Halafu akaniuliza, "Mama mdogo, mama anamaliza saa ngapi kupika?"

Nikamjibu, "Sasa hivi."

Ndiyo maana niliondoka bila yeye. Sikutaka kumbeba akikulilia wewe njia nzima.

Umemlea, asante, sitalisahau hilo. Lakini "mama mdogo" hakuliokota barabarani. Umemfundisha wewe, basi mfundishe upya. Jumapili nakuja tena, na inayofuata, na nyingine, mpaka utakapochoka kunifungulia mlango au yeye ajue ni nani huyu anayegonga.

Na umvishe soksi. Nilimshika nyayo, zilikuwa baridi.

Mama yake