Udongo wa Banda la Pili

Nyumbani, Shandong
14 Aprili

Kaka Shouli mpendwa,

Natumaini baridi ya Harbin imeanza kukuachia mifupa, na kwamba wifi Meirong na watoto hawajambo. Huku tunapumua. Baba ni mzima, ila tangu ulipompigia simu mwezi uliopita anakula mkate wa mvuke na kitunguu kibichi tu, halafu anajiinukia. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unajua spinachi ya banda letu la pili la nailoni ilipimwa ikakutwa na kadimiamu, madini yenye sumu, kupita kiasi, mzigo mzima ukafukiwa. Ukasikia kuwa Baba ndiye aliyeiharibu ardhi kwa ukaidi, nawe ukamwuliza kama amezeeka hadi kuwalisha watu sumu. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikasikia kila neno.

Kabla ya simu yako alikuja mtaalamu wa udongo, Bibi Tao, mama mpole mwenye viatu vya mpira vya mwanawe. Alichimba na kupima udongo wa mabanda yote mawili. Alisema madini hayo yamo kote, yaliingia na samadi ya kuku miaka mingi, lakini udongo mzuri huyashika yasitoke. Ukichachuka kwa mbolea ya chumvichumvi, chini ya nailoni bila kupumzishwa, huyaachia, na mizizi ikayanywa. Baba akasema, “Kumbe udongo nao unapata kiungulia kama mimi.” Bibi Tao alicheka hadi akashika mgongo.

Banda la kwanza lilikutwa salama. Samadi ileile, kaka, ila lile lilikuwa likitiwa chokaa na mabua yaliyooza kila kiangazi.

Katika mkutano wa ushirika wa wakulima uliofuata, mwenyekiti aliuliza nani analima banda la pili. Kabla sijafungua mdomo Baba alisimama, akasema ni yeye, uzee umemfanya mvivu wa chokaa. Nami nikabaki nimekaa. Njiani nilipomwuliza sababu, alisema, “Mimi wataniita mzee mkaidi, kesho wamesahau. Wewe bado una miaka ishirini ya kuuza mboga sokoni.”

Kaka, banda la kwanza ndilo la Baba. La pili ni langu, mwaka wa sita sasa. Kila kiangazi alinisihi nilipumzishe na kulitia chokaa. Nikamjibu, “Baba, hayo ni mambo ya enzi za mkokoteni,” nikaongeza mbolea maradufu kwa kuwa majani yalitoka ya kijani kibichi yakanitia kiburi. Kosa ni langu. Na nilikuacha umgombeze mtu asiye na hatia, kwa sababu nilikuogopa wewe kuliko nilivyomwonea yeye huruma.

Juzi nilikwenda ushirika nikasema ukweli mbele ya watu wote. Nimefungiwa kuuza mboga za majani miaka miwili, nami nimekubali. Nitapanda nyanya, maana Bibi Tao anasema tunda halibebi madini mengi kama jani, na hata hizo hazitatoka kabla ya kupimwa. Baba aliposikia alinikasirikia kutwa nzima kwa kumfanya mwongo. Jana alasiri akaja bandani na koleo lake, akanitazama kidogo, akasema, “Unamwaga chokaa kama unatia chumvi kwenye mchuzi. Sogea.” Tulifanya kazi bega kwa bega mpaka mistari minane ikaisha.

Usinihurumie. Nigombeze, nimestahili. Lakini mpigie Baba Jumapili hii. Usimwombe radhi kwa maneno mengi, ataona haya na kukata simu. Mwulize tu chokaa inatiwaje. Atakueleza saa nzima.

Mbusu wifi mashavuni kwa niaba yangu, na watoto uwabane masikio wajue shangazi yao anawakumbuka. Nasubiri neno lako, liwe tamu au chungu.

Mdogo wako akupendaye,
Cuilan