Kikoi cha Thoya Kwenye Kiti cha Motokaa

Timbwani, Likoni,
Mombasa.
17 Machi 1946.

Dada yangu mpendwa Rispa,

Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Ruwa na watoto, na kwamba baridi ya Nakuru haijawamaliza. Kile kikohozi ulichokiandika kabla ya Krismasi kimekuacha? Kunywa tangawizi, usingoje mpaka kikushike kifua. Sisi huku hatujambo. Nyamvula wangu hajambo, watoto wanagombana kutwa kama kawaida yao, joto limetukaba na masika bado hayajaanza. Mama ni mzima wa mwili. Habari zake ndizo zilizonikalisha chini Jumapili hii badala ya kwenda kanisani, na Padre atanisamehe.

Bado ninamwendesha Memsabu, na motokaa ni ile ile. Yule mbwa wake Meja naye yupo, amezeeka, mkubwa kama ndama, manyoya yanamtoka na mate yanamtoka. Kiti chote cha nyuma ni chake. Memsabu hukaa mbele pamoja nami na kikapu chake hukiweka nyuma kwa mbwa. Jirani yetu Hamdun, niliyekuwa nikimpa lifti mpaka kwenye feri, siku hizi anatembea kwa miguu. Anasema akikaa kiti kile itabidi ajioshe mara saba na mchanga juu yake, na haja yenyewe ni kwenda kununua tumbaku tu.

Unakumbuka kwamba kazi ya kumtunza Meja ilikuwa ya Thoya wetu kabla hajaenda vitani. Kila Jumatano tulipompeleka Memsabu kwa rafiki yake Changamwe, Thoya alikaa nyuma, mbwa amemwekea kichwa mapajani. Kwenye kona alimshika kifua asiyumbe. Mbwa hakutapika hata siku moja. Mimi nilikuwa nikimtania mdogo wangu kwamba amepata mke mwenye mkia.

Vita vilipokuja, petroli ikawa ya kibali na mbwa akabaki nyumbani. Safari zikarudi mwaka jana, na hapo ndipo nilipokiona cha mtema kuni. Meja alikuwa akilia tangu tunatoka getini, anachakura ngozi ya kiti kwa makucha, anatapika kabla hatujavuka maji. Niliacha kumpa chakula asubuhi ya safari. Nikawa namteremshia kioo kidogo apate upepo, nikisimama Makupa kivulini anywe maji. Kutapika kukapungua, lakini kuchakura ndiyo kwanza kulizidi. Nilitandika turubai, akateleza juu yake na likamuunguza kwa joto. Ngozi iliyochanika niliipaka mafuta ya nazi ilainike. Aliyalamba yote, akaharisha humo humo garini.

Memsabu akaniambia kwamba hakuna dawa, itabidi mbwa apigwe risasi. Aliyasema hayo huku analia, na kusema kweli hata mimi, nisiyempenda mbwa yule, sikula vizuri siku ile. Nikamhadithia mama.

Sasa dada, wewe ulikuwa mbali, kwa hiyo lazima nikukumbushe mambo yalivyokuwa hapa. Ile barua ya serikali ilipokuja kusema Thoya amepotea vitani Bama, haonekani hai wala maiti, watu walikuja na mikeka kukaa matanga. Mama aliwafukuza. Alisimama mlangoni akauliza, "Nani amekufa hapa?" Akawakataza hata kulitaja, maana lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nguo za Thoya zikabaki pale pale ukutani, na kila mgeni aliyeingia aliziona.

Basi nilipomweleza habari za mbwa, mama alikwenda ukutani akakitoa kile kikoi cha Thoya cha kulalia, chenye ukingo mwekundu, akanipa nikamtandikie Meja. Alinipa nje uani, akisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani kwamba nguo ya mtu aliye hai haina mwiko. Shangazi Kafedha alikuwepo. Alisema hajaona tangu azaliwe nguo ya mtu kama huyo kulaliwa na mbwa, tena kabla ya matanga. Waligombana vibaya sana, na shangazi hakukanyaga tena kwetu.

Nilitandika blanketi kuukuu chini, kikoi juu, nikakifunga kwa kamba nyuma ya kiti kisisogee. Meja alikinusa kikoi chote, akajinyoosha kiti kizima, akalala mpaka Changamwe. Mama nilipomwambia alifurahi mno. Alisema mbwa hadanganyiki, mwenyewe angekuwa amekufa mbwa angekikataa. Kila wiki akawa anakifua kwa mkono wake na kunirudishia. Nami sikumbishia, maana nilikuwa nataka kuamini kama yeye.

Januari alirudi Nguma, mwana wa wale jirani zetu wa zamani wa Utange, aliyekuwa kikosi kimoja na Thoya. Alikuja kutuamkia. Hakusema Thoya amekufa. Alisema tu kwamba waliingia mtoni usiku wakiwa pamoja, na kulipokucha ng'ambo ya pili Thoya hakuwemo. Mama alimpakulia wali, akamwambia akimwona Thoya amwambie asichelewe. Nguma alikula ameinamisha kichwa.

Jumatano iliyofuata ndipo yalipoanza haya ninayokuandikia, na naomba usinicheke.

Tulipopanda feri, Meja aliyekuwa amelala kiti kizima aliinuka, akajibana nyuma yangu, nusu ya kiti akaiacha tupu. Nikadhani ameogopa maji. Nilipomtazama kwenye kioo nilimwona amelala, macho amefumba, na kichwa kimeinuka juu ya kiti, hakikugusa kitu. Kilikaa hivyo hivyo mpaka Changamwe. Mbwa aliyelala dada, shingo haimlegei! Nilitazama kioo kuliko barabara mpaka Memsabu akaniuliza kama nina homa.

Jioni nilipokikung'uta kikoi, nusu moja ilikuwa imejaa manyoya. Nusu ya pili haikuwa na hata unyoya mmoja, lakini ilikuwa imebonyea na kukunjamana kama palipokaliwa na mtu mzima. Nikaona labda ni macho yangu. Jumatano nyingine ikawa vile vile. Na Memsabu, ambaye siku zote huweka kikapu chake nyuma, alifungua mlango wa nyuma, akasimama kidogo, akaufunga. Kikapu alikipakata njia nzima, na tangu siku ile ndivyo afanyavyo. 

Naliogopa dada, na bado naogopa. Lakini nisikufiche, nilianza pia kuzungumza. Memsabu akishuka nikibaki peke yangu na mbwa, nilikuwa nikisema habari za nyumbani polepole, mtoto gani ameota jino, nani ameoa. Sikujibiwa hata mara moja. Nyamvula sikumwambia, na mama ndiyo kabisa. Niliona nikimwambia nitakuwa nimemzika Thoya kwa mkono wangu. Kwa hiyo kila nikishuka nilikikung'uta kikoi vizuri kwanza, asije akaona.

Jumatano hii iliyopita feri iliharibika, tukakaa juani mpaka magharibi. Nilifika nyumbani nimechoka kama punda, nikakibwaga kikoi kwenye beseni kama kilivyo, nikalala.

Kesho yake niliporudi kutoka kazini nilimkuta mama uani amekitandaza mapajani. Alikuwa hajakifua. Mkono wake ulikuwa juu ya ile nusu isiyo na manyoya, anaipapasa kwa kiganja, pole pole, kama anavyompapasa mtoto mgongoni apate usingizi.  Hakuniuliza kitu. Nikaona kwamba hana haja ya kuniuliza.

Baadaye alikifua, akakianika, kikakauka. Alikikunja, akazitungua na zile nguo za ukutani, akazikunja moja moja, akazitia zote sandukuni. Nikamwuliza Meja atalalia nini sasa.

"Mtafutie gunia," akasema. "Nguo ya marehemu haitandikiwi mbwa."

Sikuwa nimelisikia neno lile kinywani mwake tangu barua ile ije. Alilisema bila kulia. Kisha alimtuma Nyamvula amwite Shangazi Kafedha, na shangazi alikuja saa ile ile bila hata kuvaa viatu. Wamekaa pamoja ndani tangu siku hiyo. Kilio kilianza usiku, na sasa ninapoandika mikeka imejaa mpaka njiani. Hata Hamdun amekuja, amekaa na sisi tangu asubuhi.

Padre amekubali kutuombea ingawa kaburi hatuna. Tumeweka Jumapili ijayo tukusubiri, kwa hiyo mwombe shemeji Ruwa akufanyie mpango wa reli upesi.

Mimi kazi yangu haikusimama. Nimeunganisha magunia mawili, nikashonea blanketi juu yasimkwaruze Meja, na kamba nimeziacha zile zile. Jumatano hii tunavuka tena. Naogopa nitakuta Thoya yupo, na zaidi naogopa nitakuta hayupo.

Nisalimie shemeji, nisalimie watoto wote, na mkubwa wao Sidi umwambie mjomba anamkumbuka. Nyamvula anakusalimu, na Shangazi Kafedha anakusalimia kwa machozi. Mungu akulinde njiani na akutie nguvu, maana utazihitaji.

Mama naye anakusalimu sana. Amesema uje na kaniki yako.

Ni mimi ndugu yako akupendaye daima,

Masha