Korali Ndani ya Kamiyo

Alhamisi, 14 Juni 2012

Fimbo yangu ya kupimia haikudanganya, mjinga ni mimi. Asubuhi nimeingia stoo hapa Nakivale na kamiyo iliyojaa mahindi, na chuma cha juu ya geti kilibakiza kidole kimoja tu. Niliringa kabisa.

Sikuwaza kwamba mzigo ukishuka, springi zinainuka. Wakati wa kutoka, bodi ikagusa kile chuma. Miaka kumi ya usukani!

Bosi wangu wa Mbarara alishasema nikikwaruza gari yake tena, nirudi kulima. Nikatoka jasho mingi.

Basi korali ya kanisa letu ikapita ikienda mazoezi, mke wangu akiwemo. Mama Furaha, kiongozi wao, akaangalia geti, akaangalia kamiyo.

"Inakosa uzito tu. Bamama, tupande!"

Nilirudi nyuma kidogo, wakaingia ndani ya bodi wote ishirini na wawili, wakiimba. Springi zikalia, kamiyo ikashuka. Nikapita bila kukwaruza hata rangi. Karibu nilie.

Shida ilianza waliposhuka. Kwetu mama mwenye mwili mkubwa ni heshima, na kila mmoja alidai ni yeye aliyeishusha kamiyo.

"Dereva, sema ukweli. Ni nani?"

Na mimi, kwa ile furaha, nikajibu bila kufikiri: "Mama Furaha!"

Tangu hapo mke wangu hanisemeshi. Jioni hii amemaliza bugali yake, akavuta na sahani yangu, akala yote akiniangalia machoni.